Wanauita ukuta wa udongo, kumbe saruji

Ule ukuta unanikera mpaka leo. Ni kijiji cha maonyesho huko Marekani, kinaonyesha makazi ya Waingereza ya mwanzoni mwa karne ya 17 (si Jamestown, ile koloni ya Waingereza huko Virginia, ni kingine). Kwenye nyumba moja, chini ya dirisha, pande la ukuta lenye ukubwa wa sinia limebanduka. Mtembeza wageni anawaambia watu: "Mnaona? Udongo ni dhaifu, ndiyo maana walowezi waliteseka."

Si kweli hata kidogo! Chungulia kwenye lile tundu: juu kuna saruji nene kama kidole, chini yake udongo mtupu usiotiwa nyasi, na fito zimepigwa misumari ya kiwandani. Saruji haipumui. Maji ya mvua yakipenya kwenye ufa yanakwama nyuma yake, udongo unalainika, na mwishowe pande zima linaachia. Kosa ni la fundi.

Aliyewahi kukandika nyumba anajua. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na mchanga. Unajaribu donge dogo juani, likipasuka unaongeza mchanga. Unatia nyasi zilizokatwakatwa, unakanyaga, unaulaza usiku mmoja. Kisha watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, wanabamiza kwa pamoja ili madongo yashikane katikati ya fito. Ukikandika upande mmoja tu, utabanduka. Ukuta ukikauka unaziba nyufa, ndipo unapaka chokaa. Waingereza waliojenga ngome ya pembetatu ya Jamestown mwaka 1607 nao walikandika udongo kwenye miti, na wanaakiolojia waliosaka ngome hiyo tangu 1994 waliitambua kwa alama nyeusi za nguzo zilizooza ardhini. Kilichowamaliza watu wa Jamestown majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 ni njaa na maradhi. Udongo unasingiziwa.

Nilimweleza yule mtembeza wageni kwa adabu. "Kibao kile pale, soma," akanipa mgongo.

Nilikuwa natoa nyota moja. Lakini mpiga gobori la utambi (bunduki ya kale inayofyatuliwa kwa kamba inayowaka) anajua kazi yake, lazima nimpe haki yake. Utambi wake umelowekwa kwenye maji ya shura, chumvi inayoufanya uendelee kuwaka, na unawaka ncha zote mbili, moja ikizimika anawashia nyingine. Kabla ya kugusa baruti anauchomoa utambi na kuushika mbali, anajaza baruti kwenye kisahani kilicho kando ya mtutu, anakifunika, anapuliza chembe zilizomwagika, ndipo anashindilia mtutu. Siku ile hewa ilikuwa na unyevu, gobori likagoma mara mbili, naye akaeleza bila kuona haya kwamba baruti ya kisahani imevuta maji.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili! Watoto wa shule walisimama pale ukutani, wakaondoka wakiamini kwamba nyumba ya udongo ni ya watu wasiojua kujenga. Hilo siwezi kulisamehe.

Ukienda, anzia kwa mpiga gobori. Halafu kalitazame lile tundu kabla hawajaliziba kwa saruji nyingine.