Cherehani iliyotumika Tanga: ipi inashika bei, na uikadirie vipi

Kabla hujatoa pesa, jiulize siku ukiiuza ataichukua nani. Hapa Ngamiani wanunuzi ni mafundi, na fundi hababaiki na maua ya dhahabu yaliyochorwa kwenye mashine. Anachotaka kujua ni kama kikombe cha bobini, kile kinachoshika kigurudumu cha uzi wa chini, kikiharibika atapata kingine dukani.

Ndiyo maana naanza na Butterfly nyeusi ya miguu, ya Kichina. Umbo lake limefuata Singer ya aina ya 15, kwa hiyo sindano na bobini ni zile zilizojaa madukani. Hii huuzika upesi.

Ya pili ni Singer 15K yenyewe. Chuma chake kinapita cha Butterfly, na spea nyingi hutumika kwa zote mbili. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Uskochi, kilichofungwa 1980. Basi ukiambiwa “mpya kabisa”, usikubali. Tazama namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa gurudumu; ikiwa imezibwa na rangi mpya, tafuta kutu chini yake.

Juki ya kiwandani inamfaa anayeshona sare kwa wingi, ila bei yake iko kwenye mota, na wanaoitaka si wengi. Za umeme za mtumba kutoka Japani naziweka chini zaidi: kwao umeme ni volti 100, wetu 230, na bila transfoma mota inaungua.

Mwisho kabisa ni Singer kongwe za bobini ndefu, zile ambazo shatoli yake, kifaa kinachobeba bobini na kupitisha uzi wa chini, ina umbo la mtumbwi. Bibi yangu aliniachia moja. Shatoli ilipovunjika ncha nilizunguka barabara za Ngamiani siku mbili, nikaambulia patupu. Naipenda sana, lakini sokoni haina bei.

Kukadiria, mimi huuliza Butterfly mpya inauzwaje, nikachukua nusu. Hiyo ndiyo bei ya iliyo nzima. Kisha napunguza. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mzunguko mzima: likiwa zito mahali pamoja tu, kuna kilichopinda au uzi ulionasa. Shika chuma kinachobeba sindano ukitikise pembeni. Kikicheza, bushi zinazokishikilia zimelika, na hapo punguza bei kuliko kwa kasoro nyingine yoyote. Inua kichwa cha mashine uangalie tumboni, maana upepo wa chumvi wa bahari yetu huanzia huko kula chuma. Mkanda uliokatika usikutishe, ni kitu kidogo.

Nenda na kitambaa chako: kanga mikunjo miwili, kisha jinzi mikunjo minne. Geuza utazame mshono wa chini. Ukiwa na vitanzi hata baada ya kurekebisha kikaza uzi, bei ishuke tena.

Usinunue Desemba wala karibu na Idi, mafundi wote wanasaka cherehani. Subiri Februari, sare za shule zikishashonwa.