Miguu ya punda msimu wa mvua: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mvua za Tabora zikianza Novemba, njia za mbugani huwa tope tupu hadi Aprili. Punda wa mkokoteni huanza kuota magaga, yaani ukoko mgumu wa vidonda, nyuma ya mguu, juu tu ya kwato, pale ngozi inapojikunja. Mwenye punda hukimbilia dawa. Mimi dawa naiweka namba nne.

Namba moja ni taulo kuukuu za mitumba. Bakteria anayeleta magaga haya mara nyingi, Dermatophilus congolensis, alielezwa mwaka 1915 kutoka kwa ng'ombe wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hutulia kwenye ngozi, unyevu ukizidi huamka, na ngozi iliyolainika kwa maji humfungulia mlango. Manyoya ya punda nayo hayazuii maji kama ya farasi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kukausha: ingiza kidole ndani ya taulo, pitisha kwenye kile kikunjo mpaka taulo litoke kavu. Chagua la pamba. Yale ya nailoni yanasambaza maji tu.

Namba mbili, brashi ya nyuzi za katani au ya kufulia nguo. Ijaribu hukohuko dukani kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Ikiacha mistari myekundu, irudishe. Brashi ya waya usiiguse kabisa, maana mchubuko mdogo tu unatosha kuingiza ugonjwa. Tope liache likauke kwanza, kisha piga brashi kufuata manyoya yalivyolala. Punda mwenye magaga awe na brashi yake, vinginevyo utawagawia wenzake.

Namba tatu ni mkanda mpana, laini, kwa wanaofunga mguu. Kamba ya katani ikilowa husugua palepale unapopahangaikia. Kama una hatamu, mfunge kwa hatamu, uokoe hata hiyo hela.

Namba nne ndiyo klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, ya duka la dawa za mifugo. Nunua magaga yakishaanza, si ya kuoshea kila siku, kwa sababu kuosha sana kunaondoa mafuta ya asili ya ngozi. Changanya na maji kama kibandiko kinavyosema, paka, acha dakika 10, suuza, kausha. Magaga yakilainika yatatoka yenyewe. Makavu ukiyabandua kwa nguvu unaacha kidonda. Vaa glavu, ugonjwa huu humpata na binadamu.

Namba tano, krimu ya zinki oksidi au mafuta mazito ya mgando. Hufaa kuzuia maji kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na magaga. Ukipaka juu ya magaga umewafungia bakteria ndani, na hapo ndipo wengi wanapochoma hela.

Oili chafu, ile ambayo fundi pikipiki anakupa bure, haina namba. Inaunguza ngozi, na punda akijilamba inaingia tumboni.

Mguu ukivimba, ukawa wa moto, au punda akaanza kuchechemea, usinunue kopo lingine. Mwite afisa mifugo, hapo huenda anahitaji dawa ya sindano.