Uzoefu wangu na Swatch ya plastiki: saa isiyo na mlango

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi wa saa pale Kariakoo Swatch yangu aibadilishe betri. Yangu ni ile ya plastiki angavu, unaona mpaka ndani. Fundi akaigeuza, akaipapasa mgongoni kwa ncha ya kisu akitafuta pa kuibanulia. Mitambo anaiona, mlango haoni.

"Dada, hii wameifungaje?"

Nikamwonyesha kifuniko kidogo cha duara chenye mfereji. Akachomeka sarafu, akazungusha, betri ikatoka. Ila swali lake lilikuwa la maana, maana jibu lake ndilo lililonifanya niipende hii saa.

Saa nyingi mashine yake hufungwa kwanza kwenye bamba, ndipo itumbukizwe ndani ya kasha na kufunikwa nyuma. Hii kasha lake ndilo bamba. Vipande vinapangwa humo kutokea juu, kisha kioo kinagandishwa moja kwa moja kwa mawimbi ya sauti. Ikishafungwa, imefungwa. Vipande vyote ni 51, wakati saa za betri za siku ilipobuniwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilikuwa na zaidi ya 90.

Na Waswisi walioiunda walikuwa na sababu ya kubana hivyo. Mwaka 1969 Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya mkononi ya betri inayoongozwa na fuwele ya kwatzi, kijiwe kinachotetemeka kwa umeme na kushika majira. Waswisi wenyewe walikuwa wameshaunda sampuli ya saa kama hiyo kule Neuchâtel mwaka 1967, lakini wakaendelea kutegemea saa za kutia ufunguo. Iliwagharimu. Mwaka 1970 kazi ya kutengeneza saa ilikuwa inaajiri watu kama 90,000 nchini kwao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki elfu thelathini na kitu. Ukifikiria mabonde ambako kijiji kizima kiliishi kwa saa, inauma.

Mji wa Grenchen, hukohuko Uswisi, kulikuwa na kiwanda cha mashine za saa cha ETA chini ya mkuu wake Ernst Thomke. Mwaka 1979 kilishatoa Delirium, saa ya dhahabu nyembamba isiyofika milimita 2, iliyotumia ujanja huohuo wa kasha kuwa bamba. Wahandisi wawili wa kiwanda hicho, Elmar Mock na Jacques Müller, wakauchukua ujanja wa saa ya tajiri wakautia kwenye plastiki. Swatch ikazinduliwa Zürich tarehe 1 Machi 1983, kwa bei isiyofika faranga 50 za Uswisi. Kwangu huo ndio uhodari wenyewe, kuliko almasi zote zinazobandikwa kwenye saa. Leo kampuni iliyobeba jina la saa hii ya plastiki ndiyo inayomiliki Omega, Longines, Tissot na Breguet.

Sasa matumizi. Nimeivaa miaka mitatu, kazini, jikoni, kwenye mvua. Ni nyepesi, nasahau kama ninayo. Majira haipotezi. Mlio wake unasikika chumba kikiwa kimya, tik, tik, na Swatch za aina hii zinajulikana kwa hilo. Mimi nimeuzoea, mwenye usingizi mwepesi aiweke sebuleni. Betri na mkanda vinabadilishwa kirahisi. Mashine ikifa, haitengenezeki, ndivyo ilivyoundwa. Anayetaka saa ya kumwachia mwanawe atafute nyingine. Anayetaka saa ya kila siku yenye akili nyingi ndani yake, ainunue hii bila wasiwasi.

Fundi alipomaliza hakunirudishia mara moja. Akasema anatamani aipasue aone walivyoipanga. Nikamwambia hakuna haja, aiangalie kwa mbele. Akavaa lenzi yake jichoni, akaisogeza kwenye taa, akawa anafuata kwa ncha ya kibano: koili ya waya wa shaba, mwembamba kuliko uzi, halafu kigurudumu kimoja, kinachosukuma cha pili, kinachosukuma cha tatu. Wateja wawili walikuwa wanasubiri nyuma yangu. Akawaambia, "Subirini kidogo, njooni muone."