Gundi na viraka vya paa la turubai: kwa tundu dogo sawa, kwa mshono hapana

Gari yangu ya zamani ile ya paa la kukunja, turubai lilichanika palepale linapojikunja, mvua ikinyesha maji yananidondokea begani kabisa. Nikachukua hii pakti ya viraka na gundi yake. Kwa tundu dogo aisee iko poa, ila safisha kwanza kwa spiriti, bandika kwa ndani halafu acha paa limefungwa siku nzima gundi ishike, mi nilikuwa na haraka zangu nikafungua mapema kiraka chote kikabanduka, hilo kosa langu. Kwenye mshono ulioachia ndo haifai kitu, pale ni sindano na uzi wa poliesta, wa pamba unaoza. Nyota 3.