Sayari au nyota geugeu: fungunyota lipi la kuanza nalo Nairobi?

Fungunyota ni kundi la nyota zinazokaa pamoja; humo waweza kutafuta sayari, au nyota geugeu, yaani zile ambazo mwanga wake hubadilika. Jioni za Juni, Omega Centauri huonekana upande wa kusini wa Nairobi. Kwa darubini ndogo ni kama pamba iliyochambuliwa. Hilo ni fungunyota la tufe, yaani lililosongamana kama mpira, lenye nyota takriban milioni 10. Humo mna nyota geugeu nyingi za aina ya RR Lyrae, ambazo hupwesa na kung'aa tena ndani ya muda usiofika siku moja. Piga picha usiku kucha, chora grafu ya mwanga wa nyota moja: mstari hukwea ghafla, kisha huteremka polepole. Naupenda sana mstari huo!

Kwa kutafuta sayari, tufe ni gumu. Mwaka 1999 darubini ya angani Hubble ilizichunguza nyota kama 34,000 za tufe jingine, 47 Tucanae, kwa siku 8.3, isione hata sayari moja ikipita mbele ya nyota yake.

Mafungu yaliyo wazi, kama Kilimia chetu, yana nyota chache zilizoachana. Katika fungu wazi la Praesepe, darubini ya angani Kepler ilizipata sayari. Ila sayari kama Mshtarii ikipita mbele ya Jua hupunguza mwanga wake kwa asilimia 1 hivi tu, na chini ya taa na mawingu ya mji huu, asilimia hiyo hupotea upesi. Mimi ningeanza na tufe.