Kadi za wauguzi wa kujitolea: hifadhi ya mtandaoni inayostahili muda wako

Kwa yeyote anayetaka kujua jinsi wanawake wa Uingereza walivyoingia katika uuguzi bila kuondoka nchini mwao wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ninaipendekeza kwa moyo wote hifadhi ya kadi za wahudumu wa kujitolea ambayo Shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza limeiweka mtandaoni. Kutafuta hakulipiwi. Unaandika jina au mahali, kisha unaletewa picha ya kadi yenyewe, yenye anwani, tarehe za utumishi, aina ya kazi na, mara nyingi, idadi ya saa.

Saa hizo ndizo zilizonigusa zaidi. Agatha Christie, aliyekuja kusifika kwa hadithi za upelelezi, alihudumu Torquay, mji alikozaliwa, kwa saa 3,400 bila malipo, kabla ya kulipwa pauni 16 kwa mwaka kwa kazi ya chumba cha dawa, ambako alipata ujuzi wa sumu uliomfaa sana baadaye.

Ili kadi hizi zieleweke, ni vyema kukumbuka kwamba vikosi vya wahudumu hawa wa kujitolea vilianzishwa mwaka 1909, na kwamba mwanachama alitakiwa kuwa na vyeti vya huduma ya kwanza na uuguzi wa nyumbani, ilhali muuguzi kamili alikuwa amefunzwa hospitalini kwa miaka 3 hivi. Kwa hiyo msichana aliyetoka katika nyumba yenye watumishi alijikuta akisugua sakafu, akimwaga vyombo vya haja na kukunja bandeji chini ya usimamizi wa waliofuzu, ambao baadhi yao waliona, na kwa haki kabisa, kwamba taaluma yao inahitaji kulindwa. Sheria ya kuwasajili wauguzi ilipitishwa mwaka 1919, mapigano yakiwa yamekwisha.

Kadi ni fupi. Karani aliandika “wodi” au “jikoni” akaishia hapo, na usiku wa kukesha kando ya majeruhi haukuwa na mahali pa kuandikwa, hivyo msomaji atahitaji pia barua na shajara za wakati ule. Ushauri wangu ni kuanza na jina la mji mdogo badala ya jina la mtu, kwa kuwa hapo ndipo unapoona majirani waliogawana zamu katika hospitali moja ya muda.