Uzoefu wangu: jengo la jikoni la Lanhydrock, Cornwall

Nilikwenda Lanhydrock, jumba la kale lililo karibu na mji wa Bodmin kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa nia ya kutazama vyumba vya mabwana, lakini sehemu kubwa ya mchana wangu iliishia upande wa watumishi, wala sijutii.

Mnamo Aprili 1881 moto ulioanzia jikoni uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba hiyo. Bibi mwenye nyumba alifariki siku chache baadaye, na kazi ya kujenga upya akapewa msanifu Richard Coad. Ukishayajua hayo, jiko unalitazama kwa jicho jingine. Paa lake limeinuka kama la kanisa, na madirisha ya juu, ambayo hayafikiki kwa mkono, hufunguliwa kwa mtambo wa vyuma unaozungushwa kutoka chini ili joto na mvuke vipate pa kutokea. Hata vyuma vya kubanikia nyama vilizungushwa na feni iliyofichwa ndani ya dohani, ikiendeshwa na hewa ya moto uleule uliokuwa ukiivisha nyama. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, watu wakinipita.

Kuzunguka jiko hilo, kila kazi ina chumba chake: cha kuokea mikate, cha kuoshea vyombo, stoo ya nyama, stoo ya samaki. Sisi tuliolelewa katika nyumba ambamo harufu ya kitunguu kinachokaangwa huwatangulia wageni sebuleni tutaona huo ni ubadhirifu wa kuta, lakini ndivyo harufu na joto vilivyozuiwa visichanganyike. Chumba kilichonishinda kukiacha ni cha maziwa. Maji ya chemchemi yaliletwa kwa bomba kutoka kilimani, yakapitishwa katika mifereji myembamba kuzunguka meza ya mawe, na juu yake malai na vyakula vitamu vikapoa bila barafu.

Kasoro ninayoiona ni umbali wa kutoka jikoni hadi mezani, kwani hata pilau ingefika imepoa. Bila shaka ndiyo sababu chumba cha kupakulia, kando ya chumba cha kulia, kiliwekewa kabati la kutunzia joto la sahani. Anayekwenda avae viatu vya kutembelea juu ya mawe, na asiyabakize majiko kuwa ya mwisho.